Mgonjwa Mwenye Ndugu Asiandikwe

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Januari 1957

Dada yangu Scholastika,

Shikamoo dada. Barua hii naiombea ikukute umekaa barazani unapumzika, ingawa najua mvua zikishaanza wewe hukamatiki, shamba linakuita kuliko kitanda. Huku hatujambo. Mke wangu Chausiku anakusalimu sana, anasema wifi yake bado hajamwona ila kwa maandishi tu. Kazini pia salama. Tajiri yangu Harilal ameongeza duka, sasa anauza na vitenge, nami ndiye ninayeshika vitabu vyote vya mauzo.

Sasa nikupe jambo lenyewe la furaha. Katika mkutano mkuu wa Umoja wa Watu wa Kusini nimechaguliwa kuwa Katibu. Watu walinyoosha mikono ukumbi mzima! Unakumbuka nilivyokueleza hali ilivyokuwa, mtu wa kwetu anafika mjini hajui aende wapi, anaugua peke yake, anazikwa na wasiomjua. Mambo hayo yamekwisha. Harilal ameniruhusu kuitumia mashine yake ya kupiga chapa Jumamosi alasiri, na kila mwezi natoa karatasi ya matangazo. Ya mwezi huu nimeiweka humu ndani ili na ninyi huko Masasi mjionee. Tarehe 3 Februari tunapaka chokaa ukumbi, wanatakiwa watu ishirini wa kujitolea, kila mmoja na ndoo yake. Jumatano jioni Chausiku na wenzake wanawafundisha kina mama kusoma. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ngoma ya beni. Kuna watu wa zamu ya bandarini, kuwapokea wageni wa kutoka kwetu kila meli ya Lindi inapotia nanga.

Lakini ninachojivunia zaidi ni kifungu cha nne, zamu ya hospitali. Kila Jumapili watu wetu wanawazungukia wagonjwa wa kutoka kusini, wanawapelekea uji na machungwa. Hapo mwanzo ilikuwa fujo, mwenye shangazi watatu mjini anapata machungwa kumi na asiye na mtu hapati hata ganda. Mimi nikaandika sheria ambayo wote waliipigia makofi: mgonjwa mwenye ndugu hapa mjini asiandikwe, ndugu yake atamtazama. Tangu hapo hakuna aliyesahauliwa.

Wasalimie watoto, hasa Angelina. Ni mimi mdogo wako,
Tarsis


Masasi, kwa anwani ya Misheni.
2 Februari 1957

Mdogo wangu Tarsis,

Marahaba. Barua yako imenikuta shambani, hukukosea. Watoto hawajambo. Angelina ameota meno ya mbele na sasa anauma kila kitu, pamoja na mimi. Mihogo imestawi, nguruwe wa porini wanatusaidia kuila.

Hongera kwa ukatibu. Karatasi yako niliwasomea majirani, wakasema huyu si yule Tarsis aliyekuwa akijificha juu ya dari siku ya kufagia kanisa? Nikawaambia ndiye.

Baba aliuliza kama umemsalimia. Nikamwambia ndiyo, amekuamkia kwa heshima zote. Nimeirudia barua yako mara mbili kutafuta mahali hapo, sikupaona. Basi uongo huo umenitia wewe, utauungama wewe.

Tarsis, baba ni mgonjwa. Sikutaka kukuandikia mapema kwa sababu najua ukisikia habari zake unanyamaza miezi mitatu. Ana uvimbe tumboni, chakula hakikai. Mafundisho ya dini ya Jumamosi ameacha, na ukiona Mwalimu Eliasi ameacha mafundisho, ujue. Daktari wa Misheni amempima, akasema hapa hapana la kufanya, aende Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa. Barua ya daktari tunayo. Mwanzoni mwa Machi atapanda lori mpaka Lindi, kisha meli.

Mimi siwezi kuja naye. Tumbo langu ni la miezi saba. Baba wa watoto wangu yuko mkongeni na harudi kabla ya Juni. Anaye mtu mmoja tu huko, nawe unamjua ni nani.

Najua alirudisha picha ya harusi yenu, kwa kuwa ndoa haikufungwa kanisani. Nilikuwepo alipoitia kwenye bahasha, nami sikumzuia. Mwaka wa tatu huu. Nakuomba uende ukamsubiri bandarini.

Dada yako,
Scholastika


Kariakoo, Dar es Salaam.
20 Februari 1957

Dada Scholastika,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za meno ya Angelina. Huku joto limezidi, watu wanalala na milango wazi. Chausiku ana homa kidogo ila anaendelea na darasa lake, kina mama wameshafika thelathini na mbili na vibao havitoshi.

Kuhusu mzee, nimesikitika. Usiwe na shaka hata kidogo. Nimeshaandika jina lake kwa watu wa zamu ya bandarini. Atapokelewa na Fikirini, kijana hodari wa Newala, ndiye mkubwa wa zamu zote mbili, ya bandari na ya hospitali. Atampandisha gari, atamfikisha mpaka kitandani. Mimi siku hizo nina mkutano wa maandalizi ya Pasaka na Idd, maana mwaka huu vimekaribiana na wanachama wetu ni wa dini zote. Tunataka kufanya sikukuu moja kubwa. Tunatafuta watu wa kujitolea kupika, kufunga turubali, kuchota maji. Kila kitu kinamwangukia Katibu.

Jitunze na hali yako.
Tarsis


Masasi.
8 Machi 1957

Tarsis,

Marahaba. Watoto wazima.

Baba ameondoka tarehe mbili. Alinyoa ndevu mwenyewe, akavaa shati jeupe la Noeli, akaniambia nimfungie na kile kiwembe asije akafika kwa watu kama mwehu. Kitabu cha sala alikishika mkononi, hakutaka kukitia mzigoni. Njia nzima mpaka kwenye lori hakulitaja jina lako, wala mimi sikulitaja.

Ile karatasi yako ya matangazo nilitaka kumwonyesha mke wa mwalimu mkuu, nikaitafuta, haipo. Nadhani watoto wameifanyia tiara ya kurusha. Niletee nyingine.

Unamwita mzee. Wazee ni wengi. Niandikie upesi umemwonaje.

Scholastika


Kariakoo, Dar es Salaam.
27 Machi 1957

Dada mpendwa,

Shikamoo dada. Pole kwa kungoja, kazi zimenielemea. Chausiku amepona. Mvua kubwa imeanza, Mtaa wa Sikukuu umekuwa mto, tumewaita watu wa kujitolea kuzibua mitaro na walikuja wengi kuliko majembe.

Mzee alifika salama tarehe 6. Fikirini alimpokea akampeleka hospitali, amelazwa wodi ya nne, kitanda karibu na dirisha. Madaktari wanamwangalia. Nimeliandika jina lake kwa mkono wangu kwenye orodha ya wagonjwa wetu. Kila Jumapili jioni watu wa zamu wananiletea taarifa hapa nyumbani, nami nawauliza, "Wote wametembelewa?" Wananijibu, "Wote, Katibu." Kwa hiyo utulie kabisa. Huenda hapo alipo anatembelewa zaidi kuliko angekuwa kwako.

Karatasi nyingine hii hapa, ya Aprili. Soma habari za sikukuu.

Tarsis


Masasi.
15 Aprili 1957

Tarsis,

Nimejifungua mtoto wa kiume tarehe tano. Anaitwa Eliasi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimelala, sina kingine cha kufanya. Umeniandikia Fikirini alimpokea. Umeniandikia madaktari wanamwangalia. Umeniandikia watu wa zamu wanakuletea taarifa. Sikukuuliza habari za hao. Nakuuliza swali dogo: siku hizi baba ana ndevu au hana? Nijibu hilo tu, karatasi za matangazo zinatosha.

Mpelekee habari za mjukuu. Mpelekee kwa mdomo wako.

Scholastika


Kariakoo, Dar es Salaam.
6 Mei 1957

Dada yangu,

Shikamoo dada. Simu ya maandishi niliyotuma Misheni nadhani umeshaipata. Sijui nianzie wapi.

Mzee amefariki Ijumaa tarehe 3, asubuhi. Muuguzi alimtuma mtu dukani kwa Harilal, mimi nilikuwa nahesabu turubali za Idd tulizokuwa tumeazima. Padri aliwahi kumpaka mafuta, ila alikuwa hawezi tena kusema. Mimi nilifika baada ya padri.

Tumemzika Jumamosi. Dada, ungeona! Watu wote walioandaliwa kwa sikukuu walikuwa bado wako tayari, wapishi, wachota maji, vijana wa turubali. Harilal alifunga duka nusu siku akaja mwenyewe. Watu walitembea kutoka Kariakoo mpaka makaburini, mbele hawaonekani na nyuma hawaonekani. Waislamu walichimba kaburi pamoja na Wakristo. Mwenyekiti alisema hajaona maziko kama hayo tangu Umoja uanze, akanishukuru kwa kazi ninayowafanyia watu, akasema leo watu wamekulipa. Wanaume walilia. Msalaba ni wa mbao ya mvule, jina limechongwa vizuri.

Vitu vyake hospitali havikuwa vingi. Shati jeupe tumemzika nalo. Kitabu cha sala sikukikuta.

Nimepata habari za mtoto na jina lake, ahsante. Pole sana dada yangu, na mimi unipe pole.

Tarsis


Masasi.
28 Mei 1957

Tarsis,

Simu niliipata nikiwa nanyonyesha. Padri alinisomea, akanisomea tena, kwa kuwa nilimwambia sijasikia. Matanga tumeweka hapa, watu wa parokia nzima wamekuja, waliobatizwa kwa mafundisho yake peke yao walijaza uwanja.

Umenieleza mbao za msalaba ni za mti gani. Umenieleza Mwenyekiti alisema nini, mpaka tajiri yako wa dukani umenieleza alivyofunga na alivyofika. Neno moja tu alilosema baba katika miezi miwili hukuliandika, wala moja ulilomwambia wewe. Swali la ndevu pia hukulijibu. Nimekaa nalo siku nyingi na sasa moyo wangu unaogopa jibu lake.

Basi nitajie jina la mtu aliyekuwa na zamu ya baba, nimwandikie nimshukuru. Jina moja tu.

Scholastika


Kariakoo, Dar es Salaam.
19 Juni 1957

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne. Chausiku ananitazama, ameniambia nisipoimaliza leo ataiandika yeye.

Hakuna jina, dada. Hakuna aliyekuwa na zamu ya baba.

Nilipoipata barua yako nilimwita Fikirini nyumbani, nikamwuliza nani alikuwa akimtembelea mgonjwa wa wodi ya nne, Eliasi. Akashangaa. Akasema, "Yule si mzazi wako, Katibu? Nilikuta umemwandika kwenye orodha, nikampiga mstari siku ileile. Nikajua umepitiwa. Sheria si yako mwenyewe, mgonjwa mwenye ndugu asiandikwe? Na wewe ndiye ndugu."

Nikamwambia, mbona mlikuwa mnaniletea taarifa kwamba wote wametembelewa? Akaniambia, "Wote walitembelewa. Tulikuwa tukipita kwa mzee tunamwuliza, Katibu ameshafika? Anasema ametoka sasa hivi. Kila Jumapili anasema hivyo. Tena tulikuwa tukikusifu njiani, kwamba na shughuli zote zile hukosi kwa baba yako." Nikashindwa kumtazama. Yeye naye alipoelewa, alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Sikwenda akiwa hai, dada. Hata mara moja. Ndivyo ilivyo, nimeandika sasa. Jumapili ya Pasaka nilifika mpaka langoni na machungwa sita kwenye kikapu. Matajiri wa Upanga walikuwa wanashuka kwenye magari na maua yao. Kengele ya wageni ikalia, watu wakaingia, mimi nikakumbuka ile bahasha. Picha tulipiga kwa Mhindi wa Mtaa wa Kongo, Chausiku alikuwa amevaa gauni la kuazima, alifurahi mno siku ile. Tukamtumia baba, ikarudi hata karatasi ya kuifungia haikukunjuliwa vizuri. Nikasema moyoni, akinihitaji ataniita. Watu wa zamu wapo, akimwambia mmoja tu niitie mwanangu, nitakuja mbio. Machungwa niligawa kwa watoto njiani. Nilikuwa nangoja aniite, dada. Kila Jumapili jioni nilikuwa nangoja waniambie ameniita.

Chausiku alinisihi tangu wiki ya kwanza. Alishakoroga uji wa mtama, akaufunika, akasema twende hata kama atatufukuza, na mimi ninataka nimwone. Nikamkataza asiende bila mimi. Nikamwambia kuna mtu wa zamu.

Harilal naye aliniuliza juzi, akiwa anafunga hesabu ya jioni: "Tarsis, baba yako alikaa hospitali miezi miwili. Mbona hukuniomba ruhusa hata siku moja?" Nikajifanya natafuta ufunguo.

Katika mkutano uliopita nilisimama nikaomba kuacha ukatibu. Nilitaka kusema sababu, nikaishia kusema nimechoka. Watu wakapiga kelele hapana, Mwenyekiti akasema ni huzuni ya kufiwa, itapita, wakanichagua kwa mwaka mwingine. Walinyoosha mikono ukumbi mzima. Fikirini alikuwa ameketi nyuma. Hakunyoosha mkono.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniandikie tu, hata matusi.

Mdogo wako,
Tarsis


Masasi.
30 Juni 1957

Tarsis,

Barua yako ilifika jana, na mgeni wangu alikuwa ameshaitangulia kwa wiki moja. Nisingekuandikia kama si yeye.

Ni mtu wa Ndanda, anaitwa Ignasi. Alilazwa huko Dar es Salaam mguu ukiwa umevunjika, kitanda chake na cha baba viligusana. Ameruhusiwa, akateremka Lindi, akapanda lori, akatembea na fimbo yake mpaka kwangu kuniletea kitabu cha sala. Baba alimpa Alhamisi usiku, siku moja kabla ya kufa. Alimwambia mpe binti yangu, vingine havina maana. Nilimpikia kuku, akala, ndipo akanieleza. Na wewe nakueleza vilevile alivyonieleza, sitaongeza chumvi, haihitaji.

Ignasi hana ndugu huko, kwa hiyo aliandikwa kwenye orodha yenu. Anawasifu sana. Kila Jumapili uji, machungwa, na mtu wa kumtania mpaka anasahau mguu. Anasema Jumapili asubuhi baba alikuwa akiomba maji ananyoa ndevu. Jibu la swali langu ni hilo, hakuwa na ndevu. Ananyoa, anavaa shati jeupe, anakaa kitandani miguu chini, mwenyewe akiwa hawezi kukaa. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi anatazama mlango. Wiki mbili za mwisho Ignasi ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo.

Watu wako wa zamu wakifika, wanamwuliza, Katibu ameshafika? Anasema ametoka sasa hivi, mmepishana mlangoni. Siku moja mama mmoja wa zamu alimwekea chungwa kitandani, akalirudisha. Akasema, "Mpe asiye na mtu. Mimi mwanangu ameniletea." Chungwa hilo alipewa Ignasi. Watu wa zamu walipoondoka, Ignasi alilimenya akamgawia nusu, baba akakataa pia.

Ignasi alimwuliza, Mwalimu, kwa nini usiwaambie ukweli wakakuitie? Baba akamwambia, "Nikiwaambia hajafika, kesho watamsikiliza vipi? Watu wanamtegemea."

Alikuwa akingoja umwendee, wewe ukangoja akuite. Mimi nimekaa hapa katikati yenu na tumbo langu, natia maji maneno yenu yawe laini. Nimewachoka wote wawili, yeye aliyekufa na wewe uliye hai. Lakini yeye angalau alinyoa ndevu.

Kitabu nilipokifungua nikaikuta karatasi yako. Ile ya Januari, niliyodhani watoto wameifanyia tiara. Aliiiba kwangu. Imekunjwa mara nne, mikunjo imechakaa kwa kufunguliwa. Ignasi anasema wauguzi wote waliiona, daktari mzungu pia alionyeshwa, pale chini palipopigwa chapa jina lako, Katibu.

Naiweka humu ndani uipokee. Kwenye kifungu chako cha nne, pembeni, ameweka alama za penseli, mstari mmoja mmoja. Nilidhani ni hesabu ya Jumapili. Ignasi akasema hapana, hata yeye alidhani hivyo, akamwuliza. Baba alimwambia, "Ni uongo niliousema. Naandika nisije nikasahau idadi padri akija kuniungamisha."

Mistari iko minane. Wewe mwenyewe uliniandikia, padri alipofika alikuwa hawezi tena kusema.

Scholastika